Breki ya kabari kwenye kamio nzito: inavyokaza, inavyopimwa na inavyofunguliwa

Ukipita barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, alfajiri utaona kamio, yaani malori, zimejipanga kwenye foleni, na nyuma ya magurudumu ya karibu kila moja kuna jiwe au kipande cha mti. Hiyo ni kabari. Msaidizi wa dereva ameishindilia kwa teke moja, na tani hamsini za kamio na shaba yake zimetulia. Ndani ya gurudumu hilohilo, kama ekseli ni ya aina ninayoieleza hapa, kuna kabari nyingine ya chuma, nene kama kidole gumba. Hiyo ndiyo inayosimamisha kamio ikiwa mwendoni, na wengi wanaoiendesha hawajawahi kuiona.

Nieleze maneno kwanza. Huku Lubumbashi tunasema freni, tamburi na garnitiri. Ukivuka Tunduma kuingia Tanzania wanasema breki na ngoma. Mimi nitasema breki na ngoma (lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu), ila garnitiri naibakiza: ni ile tabaka ya kusugua iliyopigwa ribiti au boliti juu ya kiatu cha breki, kile chuma kilichopinda kinachoibana ngoma kutoka ndani.

Kilichomo ndani

Kwenye breki tulizozoea, zile za shafti yenye ncha ya umbo la S, unaona kila kitu ukiinama chini ya gari: chemba ya upepo, fimbo yake, na mkono unaozungusha shafti. Kwenye breki ya kabari huoni kitu. Chemba ina shingo ndefu iliyozungushiwa moja kwa moja ndani ya nyumba ya chuma iliyobeba viatu, na kazi yote inafanyika humo gizani.

Dereva akikanyaga pedali, upepo unaingia kwenye chemba na kusukuma utando wa mpira. Utando unasukuma fimbo, na ncha ya fimbo ndiyo kabari yenyewe. Kabari inajipenyeza katikati ya rola mbili zilizokaa ndani ya kizimba kidogo. Kila rola inaegemea uso ulioinama wa pistoni. Kabari ikiingia, pistoni zinakimbiana, moja huku na nyingine kule, kila moja inasukuma kiatu chake hadi garnitiri iibane ngoma. Pedali ikiachiwa, springi ya fimbo inairudisha kabari na springi za viatu zinavirudisha viatu.

Rola zina sababu ya kuwepo. Aliyewahi kupasua gogo la kuchomea makala (makaa) anajua: kabari ikishaingia kwenye mti haitoki kirahisi, msuguano umeishika. Rola zinaondoa ule msuguano, kabari inaingia na kutoka kwa kubingirika. Rola ikipata kutu au ikichimbika upande mmoja, haibingiriki tena, inaburuzika. Hapo breki inakuwa kama gogo lililong'ang'ania shoka.

Hesabu ya milimita

Chukua chemba ya ukubwa namba 12. Namba hiyo ni eneo la utando kwa inchi za mraba, sawa na sm za mraba 77 hivi. Kwa upepo wa bar 6, inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 470. Hiyo peke yake haisimamishi kitu. Sasa ipitishe kwenye kabari ya pembe ya nyuzi 12. Ukiacha kinachopotea kwa msuguano, kila pistoni inapata nguvu hiyo mara 4.8 hivi, yaani zaidi ya tani mbili kila upande.

Nguvu hiyo haikutoka hewani, imelipiwa kwa safari. Kabari ikitembea mm 20, kila pistoni inatoka mm 2.1 tu. Kabari inauza mwendo na kununua nguvu, na imebakiwa na milimita chache mno za kuchezea. Karibu kila ugonjwa wa breki hii, ukiufuatilia vizuri, utakuta ni milimita iliyoibiwa mahali: garnitiri imelika, kirekebishi (kifaa kinachofidia kulika kwa garnitiri) kimeganda, ngoma imetanuka kwa joto, au kiatu kimekwama. Fundi anayeijua breki hii haulizi "nini kimeharibika?" Anauliza milimita zimekwenda wapi.

Na pembe ya kabari si jambo la kupuuza. Kabari ya nyuzi 10 inazidisha nguvu mara 5.7, ile ya nyuzi 12 mara 4.8. Ukiweka moja kushoto na nyingine kulia kwenye ekseli moja, upande mmoja utakaza kwa asilimia 20 zaidi ya mwingine, na usukani utakwambia kwenye lami yenye maji. Sokoni zinafanana. Zipime.

Kuna breki zenye chemba moja kwa gurudumu na nyingine zenye mbili. Ya chemba moja inasukuma viatu upande mmoja tu, ncha za pili zimeegemea kitako kisichosogea. Ya chemba mbili ina pistoni nne, na kila kiatu kinaelea. Faida yake ni hii: ngoma ikizunguka inaburuta kiatu na kukisindilia zaidi, kama mlango unaoufunga huku upepo ukiusukuma kutoka nyuma. Kwenye breki ya chemba mbili viatu vyote viwili vinapata msaada huo, gari likienda mbele au kinyumenyume.

Kirekebishi, kifaa cha kuheshimu

Garnitiri inalika kila siku, kwa hiyo pistoni lazima irefuke kidogokidogo, la sivyo zile mm 2 zinaisha. Ndani ya pistoni kuna silinda ndogo yenye meno ya mshazari kwa nje, na ndani yake imefungwa boliti ndefu ya kurekebisha. Kutoka nje ya nyumba kinaingia kijino chenye springi, kimekaa ndani ya skrubu yenye uwazi, na kinagusa meno hayo.

Breki ikikaza, silinda inatoka na kuteleza chini ya kijino. Safari ikiwa fupi, kijino kinabaki kwenye jino lilelile na silinda inarudi ilivyokuwa. Safari ikizidi kwa sababu garnitiri imelika, kijino kinaruka jino moja. Sasa silinda ikirudi, kijino kinalishika jino jipya, na kwa kuwa meno yamelala mshazari, silinda inalazimika kuzunguka kidogo. Boliti inatoka nje kwa unywele mmoja. Kwa kanyago elfu na elfu, unywele kwa unywele, nafasi kati ya garnitiri na ngoma inabaki ileile.

Nilijifunza kuiheshimu skrubu hiyo kwa kamio moja iliyoshuka na shaba kutoka Kolwezi, msimu wa mvua. Dereva aliniambia, "Papa, kamio iko navuta ku kushoto." Tulizunguka kidogo na kurudi. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na joto la kawaida, la kulia lilikuwa baridi kama chupa ya maji. Nilipofungua upande wa kulia, viatu vizima, rola nzima, grisi safi. Nilikaa nikitazama karibu nusu saa. Kisha nikaona mahali pa ile skrubu ya kijino pamefungwa boliti ya kawaida, kichwa kilekile, uzi uleule. Fundi mmoja wa nyuma alipoteza ya asili akafunga aliyokuwa nayo mfukoni. Bila kijino boliti ya ndani haikusogea tangu siku ile, na garnitiri ilikuwa imelika milimita nzima na zaidi. Kipande kisichozidi ncha ya kidole.

Na kalipa je?

Wenye trela mpya wananiuliza kuhusu kalipa za diski, zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya pedi mbili. Diski haina ule msaada wa kujisindilia ninaouona kwenye ngoma, kwa hiyo inahitaji nguvu kubwa zaidi kutoka kwenye chemba ileile. Kabari ya nyuzi 12 peke yake haitoshi. Ndiyo maana kalipa nyingi za upepo unazokutana nazo leo zina wenzo ndani, unaozidisha nguvu mara nyingi kuliko kabari, ukisukuma pistoni moja au mbili dhidi ya pedi ya ndani. Kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuvuta pedi ya nje. Pale mtengenezaji alipotumia kabari kwenye kalipa, kanuni ni hiyohiyo: rola moja inaegemea mwili wa kalipa, nyingine inaegemea pistoni. (Katikati ya miaka ya 2000 Siemens VDO ya Ujerumani ilionyesha breki ya magari madogo ambayo kabari yake inasukumwa na mota ya umeme, na diski yenyewe inasaidia kuivuta ndani. Wazo tamu, lakini mimi sijawahi kuifungua.)

Kwa kalipa za kawaida za rimu ya inchi 22.5, diski mpya ina unene wa mm 45 na huondolewa ikifika mm 37. Pedi hubadilishwa kabla tabaka la kusugua halijashuka chini ya mm 2 juu ya bati lake. Pini za kuteleza zisogee kwa mkono. Zikiganda, pedi moja inakwisha na nyingine inabaki mpya. Mengine ya kalipa yanahitaji mwongozo wake. Turudi kwenye ngoma.

Kabla ya kugusa boliti

Simamisha kamio mahali tambarare na pagumu. Udongo wetu mwekundu ukilowa, jeki inazama. Weka kabari za kweli mbele na nyuma ya magurudumu usiyoyainua, na stendi za chuma chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Kama chemba ina sehemu ya breki ya kuegesha, humo ndani kuna springi kubwa iliyobanwa. Nguvu yake inaweza kuua, na nasema hivyo kwa maana ya neno lenyewe. Ifungie kwa boliti yake maalumu hadi mwisho kabla ya kuondoa chemba, na usifungue kamwe ukanda unaoshikilia sehemu ya springi. Chemba hiyo ikiharibika inabadilishwa nzima. Kuchunguza yaliyomo si kazi ya gereji.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Garnitiri za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, vaa barakoa. Najua vijana watacheka.

Kupima bila kuvua gurudumu

Kwa kuwa hakuna fimbo ya kupima nje, tunapima kwenye garnitiri yenyewe. Kwenye bati la kuzuia vumbi kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Kitoe, angaza kwa tochi, uone ukingo wa garnitiri.

Jaza upepo, zima injini, na mita iwe kati ya bar 6 na 7. Achia breki ya kuegesha, ndiyo maana ya kabari zile za magurudumu. Kwa ncha kali chora mstari kwenye ukingo wa garnitiri, ukilenga alama isiyosogea kwenye ukingo wa bati. Mwambie mwenzako akanyage hadi mwisho na kushikilia. Angalia mstari umesogea kiasi gani. Sheria ya usalama wa malori ya Marekani inasema usizidi mm 1.6, na mimi nimekifanya hicho kuwa kipimo changu hapa kwetu. Pima viatu vyote viwili, magurudumu yote, andika kwenye karatasi. Namba moja haisemi mengi. Tofauti kati ya kushoto na kulia ndiyo inayosema.

Kisha joto. Endesha kilomita chache ukitumia breki kwa kawaida, simama, na upeleke mgongo wa mkono karibu na kila ngoma bila kuigusa, au tumia kipimajoto cha mwanga kama unacho. Gurudumu la moto kuliko wenzake linaburuza. Gurudumu la baridi halifanyi kazi, na hilo ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu wenzake wanabeba mzigo wake.

Kurekebisha kwa mkono

Hii ni ya baada ya kufunga viatu vipya, au kwa breki zisizo na kijino. Inua gurudumu, breki ya kuegesha ikiwa imeachiwa. Kupitia tundu zungusha gurudumu la nyota la boliti ya kurekebisha hadi garnitiri ishike ngoma, kisha rudisha hadi gurudumu lizunguke likisugua kwa mbali tu. Fanya hivyo kwa kila boliti. Nafasi ya kawaida, ukijumlisha viatu viwili, ni kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Kitabu cha ekseli yako kikisema tofauti, kifuate hicho.

Usirekebishe breki ya moto. Ngoma ya kipenyo cha mm 410 ikipanda joto kwa nyuzi 300 inatanuka kwa zaidi ya mm 1.3. Ukiondoa nafasi ikiwa imetanuka, itakaposinyaa itayabana magurudumu. Nimeona kamio iliyorekebishwa jioni ikiwa bado inafuka, asubuhi ikakataa kutoka kwenye foleni.

Kufungua kabari yenyewe

Vua gurudumu na ngoma. Kabla ya kutoa springi za viatu, piga picha kwa simu. Springi hizo zina rangi na urefu tofauti na hakuna anayekumbuka.

Ondoa viatu, kisha bomba la upepo, legeza nati ya kufungia shingo ya chemba na uizungushe chemba nje. Fimbo na kabari, kizimba, rola na springi vitatoka pamoja kama familia. Kwa kila pistoni toa skrubu ya kijino na springi yake, weka kwenye kikombe kilichoandikwa upande. Meno ya mshazari yana upande, na ukichanganya kushoto na kulia, kirekebishi kitakaa bure.

Kisha angalia kwa makini. Sugua rola kwa kucha: ukihisi kishimo au ubapa, tupa. Nyuso za kabari ziwe laini, bila mstari wa kutu. Kutu hapa karibu daima ni maji, na maji yana njia mbili: mfuniko wa mpira wa pistoni uliopasuka, au utando wa chemba uliotoboka na kuleta unyevu wa mitungi ya upepo. Kwa hiyo mitungi inayomwagwa maji kila jioni, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, ni sehemu ya matengenezo ya breki hata kama iko mbali na gurudumu. Kiangazi adui ni vumbi lile jekundu, linalochanganyika na grisi na kuwa msasa.

Safisha, kausha, paka grisi ya joto kali isiyooshwa na maji, ile iliyotajwa na mtengenezaji. Grisi ya kawaida ya beringi za chini inayeyuka na kufika kwenye garnitiri. Paka kwenye rola, kabari, kuta za pistoni na meno, tabaka jembamba. Weka mifuniko mipya ya mpira kila unapofungua, haijalishi ya zamani inaonekanaje.

Rudisha pistoni mkondo wake ukiwa sawa, kijino kikitazama meno upande sahihi. Ingiza kabari na uhakikishe kila rola imekaa kwenye mteremko wake. Utahisi, ukisukuma fimbo kwa mkono pistoni zote mbili zinatoka sawasawa. Zungusha chemba hadi ifike mwisho, kisha irudishe si zaidi ya mzunguko mmoja ili mdomo wa upepo uelekee bomba, na ukaze nati yake. Chemba iliyoachwa nje kidogo inaiba milimita kabla hata safari haijaanza.

Garnitiri zibadilishwe ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja, aina moja. Ukibadilisha upande mmoja kwa sababu mwenye kamio analia pesa, umemuuzia ugonjwa wa kuvuta.

Mteremko

Wengi wetu tunafikiria breki kwa barabara ya hapa, Likasi hadi Kasumbalesa, ambayo haina makuu. Lakini shaba hii inakwenda Dar es Salaam, na kati ya Iringa na Morogoro kuna mteremko wa Kitonga. Kamio ya tani 56 ikishuka mita moja tu ya kimo inatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Zidisha kwa mita mia kadhaa, na ujue injini isipochukua sehemu yake, yote inakwenda kwenye ngoma. Ngoma zinatanuka, milimita zinaliwa, breki inapoteza nguvu. Kwa hiyo gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, breki ya injini ifanye kazi, na pedali ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe, isishikwe kwa mguu mwepesi njia nzima.

Jaribio la mwisho

Ukishafunga, jaza upepo na ukanyage mara ishirini au thelathini gari likiwa limesimama, kirekebishi kipate kujipanga. Sikiliza uvujaji kwenye chemba. Fungua boliti uliyofungia springi ya kuegesha na uirudishe mahali pake. Toka na kamio tupu, simama kwa upole mara kadhaa, kisha kwa nguvu mara moja mahali salama. Pima joto kushoto na kulia, pima tena ule mstari wa garnitiri.

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama 90, kwa hiyo simama katikati uzikaze. Ukisahau, basi zikaze kwenye foleni. Pale muda upo.